Istilahi za Uziduaji na Uchanganuzi wa Kutikula ya Mimea

Miongoni mwa kazi zinazoletwa mezani petu ni rasimu za vitabu vya sayansi vilivyofasiriwa kutoka lugha za kigeni. Hivi karibuni tulipokea rasimu moja ya mwongozo wa mazoezi ya maabara kuhusu nta na tando zinazofunika majani na matunda. Mfasiri wake ni mtu mwangalifu na Kiswahili chake ni safi. Hata hivyo, katika kurasa za mwanzo tulikuta sentensi iliyotushtua. Ilisema: “Yeyusha nta ya jani katika heksani kwa dakika moja, kisha tupa mabaki.”

Sentensi hiyo haina kosa hata moja la sarufi. Lakini mwanafunzi akiifuata kama alivyozoea kulielewa neno “yeyusha”, huenda akawasha moto. Samli huyeyushwa kwa moto, risasi huyeyushwa kwa moto, na nta ya nyuki vilevile. Heksani ni kiowevu kinachochemka kwenye nyuzi 69 hivi za Selsiasi, na mvuke wake hushika moto upesi sana. Mwandishi wa asili hakutaja moto; alitaka jani lichovywe tu, katika joto la kawaida la chumba. Isitoshe, hayo “mabaki” yanayoamriwa kutupwa ndiyo yenye nusu ya pili ya zoezi lote.

Kwa hiyo neno moja lilikuwa tayari kuunguza maabara, na jingine kupoteza kazi ya siku nzima. Tumeona inafaa kulieleza jambo hili kwa kirefu, kwa faida ya wafasiri, walimu na watumishi wa serikali ambao hukutana na maandishi ya namna hii. Katika makala haya tutaeleza kwanza kitu chenyewe kinachochunguzwa, kisha tutafuata hatua za maabara moja baada ya nyingine, na katika kila hatua tutapima maneno yanayogombea nafasi. Mwisho tutatoa orodha ya istilahi tunazozipendekeza.

1. Kitu chenyewe

Sehemu za mmea zilizo juu ya ardhi na ambazo hazijaota gome, kama vile majani, matunda, maua na mashina machanga, zimefunikwa kwa tabaka jembamba lisilopitisha maji kwa urahisi. Tabaka hili si la chembe hai. Chembe hai, yaani seli, za ngozi ya jani ndizo zinazolitengeneza na kulisukuma nje, likatanda juu yake. Unene wake hutofautiana kwa mmea na mmea: katika mimea mingine haufiki mikrometa moja, na katika mingine hupita mikrometa kumi. Mikrometa moja ni sehemu moja katika elfu ya milimita. Hata tabaka lililo nene kwa kawaida ni jembamba kuliko unywele wa mtu.

Wembamba huo usimdanganye msomaji. Pasipo tabaka hilo mmea wa nchi kavu ungenyauka mara jua linapopanda. Mfano ulio karibu nasi ni mkonge, uliofikishwa Tanganyika na Dakta Richard Hindorf mwaka 1893, ukaenea Tanga na kwingineko. Mkonge hufungua vitundu vyake vya kupumulia usiku na kuvifunga mchana. Kwa hiyo mchana kutwa, katika jua la Korogwe au la Muheza, kinachozuia maji yasitoke katika jani ni tabaka hilo. Mfano wa pili ni nyanya. Ngozi ya tunda la nyanya haina vitundu vya kupumulia. Maji yake hupotea kwa njia ya tabaka hilo na kwa kovu la kikonyo. Anayetaka kujua kwa nini nyanya za aina moja hukunjamana sokoni mapema kuliko za aina nyingine hana budi kulichunguza tabaka hilo limeundwa kwa vitu gani.

2. Jina la tabaka: ganda, ngozi, utando au kutikula?

Rasimu tuliyoitaja ilitumia maneno matatu kwa tabaka hili, pengine yote matatu katika ukurasa mmoja: ganda, ngozi na utando. Tuyatazame.

“Ganda” ni neno la watu wote. Mpishi humenya nyanya akatupa ganda. Lakini ganda analolitupa mpishi lina tabaka tunalolisema, pamoja na ngozi hai iliyo chini yake, na mara nyingi safu kadhaa za seli za nyama ya tunda. Tukisema “chunguza ganda”, tumemtuma mwanafunzi kuchunguza mambo matatu au manne kwa pamoja.

“Ngozi” nayo inafaa, lakini kwa kitu kingine. Safu ya seli hai iliyo nje ya jani inastahili kuitwa ngozi ya jani, na walimu wengi wamekwisha kuizoea hivyo. Tukiliita ngozi tabaka lisilo hai lililo juu yake, tutakosa jina la safu iliyo hai.

“Utando” una sifa nzuri: unatokana na kitenzi “tanda”, na kweli tabaka hili limetanda. Ila katika biolojia utando umekwisha kutumika kwa tabaka linaloizunguka seli, na pia kwa tabaka laini ndani ya pua na matumbo. Wapo wanaopendelea “kiwambo” kwa maana hizo, kutokana na kuwamba ngoma. Lakini kwa kuwa matumizi hayajatulia, tukiongeza maana ya tatu juu ya utando tutazidisha mashaka.

Kwa sababu hizo tunapendekeza neno la kimataifa, “kutikula”. Asili yake ni Kilatini, na maana yake ni kijigozi, ngozi ndogo. Silabi zake zote huishia kwa irabu, wala halina konsonanti mbili zilizogongana, hivyo halimsumbui msemaji wa Kiswahili. Liingie katika ngeli ya I-/ZI-: kutikula hii, kutikula hizi. Kwa mara ya kwanza katika kitabu cha shule lifafanuliwe kuwa ni “utando wa nje wa mmea usio na seli”. Hapo “utando” litakuwa limetumika katika ufafanuzi, nao ndio mahali pake.

3. Nta si kutini

Kutikula ina sehemu kuu mbili, na hapa ndipo penye kiini cha makala haya.

Sehemu ya kwanza ni nta. Neno hili kwa wazee wetu ni la nyuki kwanza, lakini limekwisha kupanuka. Huko Brazili majani ya mchikichi uitwao karnauba hukaushwa na kupigwa mpaka nta yake ibanduke, ikatumika katika dawa za viatu na za kung'arisha magari. Nta hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 80 na kitu za Selsiasi, ilhali ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 60 na kitu. Ni nta zote mbili. Nta za mimea ni mchanganyiko wa molekuli ndefu zenye kaboni nyingi, aghalabu kati ya 20 na 40, zilizokaa pamoja bila ya kufungamana. Kwa kuwa hazikufungamana, kiowevu kinachofaa huzichukua zote kwa muda mfupi sana.

Sehemu ya pili ni kutini. Hii ni polima, yaani wavu mmoja mpana wa molekuli zilizoshikana. Katika nyanya sehemu kubwa ya wavu huo ni asidi ya mafuta yenye kaboni 16 na vikundi viwili vya haidroksili, kimoja katika kaboni ya 10 na kingine katika kaboni ya 16. Upande wa asidi wa molekuli moja hushikana na kikundi cha haidroksili cha molekuli nyingine, na muungano huo huitwa esta. Mkono unashika mkono, na kwa kuwa kila molekuli ina mikono zaidi ya miwili, hutokea wavu wala si uzi. Wavu huo haumumunyiki katika heksani wala katika klorofomu hata ukikaa humo mwezi mzima.

Nta nyingine imelala juu ya wavu, na nyingine imejaa katika matundu yake. Msomaji afikirie wavu wa uvuvi uliotiwa lami. Lami inaweza kuondolewa wavu ukabaki. Wavu hauondoki mpaka nyuzi zake zikatwe au fundo zake zifumuliwe.

Rasimu yetu iliziita sehemu zote mbili “nta”. Matokeo yake ni haya: mwanafunzi anachovya nyanya katika klorofomu, anakichanganua kiowevu, anatafuta humo ile asidi yenye kaboni 16, haioni, naye anaandika kwamba nyanya haina. Kumbe ipo, tena ndiyo iliyo nyingi. Imo katika mabaki aliyoambiwa ayatupe. Kosa hili halimo katika chombo wala katika mkono wa mwanafunzi. Limetokana na neno moja lililopewa kazi mbili.

4. Vitenzi vya maabara

Majina ya dutu aghalabu hatuna budi kuyakopa. Ama vitenzi, yaani majina ya matendo, hali ni tofauti. Kazi ya maabara ya kuchanganua kitu kwa kiasi kikubwa ni kazi ya kutengua: kilichobandikwa kibanduliwe, kilichofumwa kifumuliwe, kilichochanganyika kichanganuliwe. Kiswahili kina njia yake ya zamani ya kusema hivyo. Tunasema funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua, tega na tegua. Irabu ile ya “u” inayoingia mwishoni mwa shina humwambia msikilizaji kwamba tendo la kwanza linarudishwa nyuma. Hatuhitaji kuunganisha maneno mawili kueleza jambo hili. Sisi tunalo ndani ya kitenzi.

(a) Kubandua. Watafiti wakitaka nta ya juu peke yake, bila ya ile iliyo ndani ya wavu, hupaka jani gundi inayotokana na migunga, gundi ambayo huvunwa katika nchi kadhaa za Afrika. Gundi ikikauka hubanduliwa, nayo hutoka na nta ya juu. Rasimu iliandika “kung'oa”. Lakini kinachong'olewa kina mzizi, kama jino au muhogo. Nta ya juu haina mzizi, imekaa juu. Kilichobandikwa hubanduliwa.

Neno hilohilo latufaa pale kutikula nzima inapotengwa na jani. Kati ya kutikula na ukuta wa seli kuna pektini, ambayo ni kama gundi. Vipande vya jani hulowekwa kwa siku au majuma katika kiowevu chenye vimeng'enya vya kuvunja pektini na selulosi, mpaka kutikula ielee peke yake. Mbinu hii si ngeni kama inavyodhaniwa. Mtaalamu wa mimea Adolphe Brongniart wa Ufaransa, katika miaka ya 1830, aliipata kutikula ya kabichi kwa kuyaacha majani yaoze majini. Na akina mama wa pwani yetu hufukia makumbi ya nazi katika mchanga wa ufukweni kwa miezi kadhaa, kisha huyafukua na kuyaponda wapate usumba wa kusokotea kamba. Vijidudu visivyoonekana kwa macho hula pektini inayoshikilia nyuzi. Vimeng'enya vya chupani hufanya kazi ileile kwa upesi na kwa usafi zaidi. Mwalimu wa Unguja au wa Pemba akianzia hapo hatahitaji maelezo marefu.

(b) Kumumunya na kuyeyusha. Tumekwisha kuona hatari ya “yeyusha”. Katika mazungumzo ya kila siku sukari “huyeyuka” katika chai na barafu “huyeyuka” juani, na hakuna anayepotea. Maabarani ni mambo mawili. Barafu imebadilika kwa joto, nayo bado ni maji matupu. Sukari imesambaa ndani ya kitu kingine. Wataalamu waliotutangulia walichukua kitenzi “mumunya”, ambacho ni tendo la mtoto na peremende au la mzee asiye na meno, wakapata “mumunyika”, “mmumunyo” na “kimumunyishi”. Wapo wanaoyacheka maneno hayo. Sisi twayaona ni maneno mazuri: peremende huisha kinywani pasipo moto, na hilo hasa ndilo linalotakiwa. Tunasisitiza basi kwamba “yeyusha” libaki kwa joto peke yake, na “mumunyisha” kwa kimumunyishi. Sentensi ya rasimu ingekuwa salama lau ingesema: “Chovya jani katika heksani, katika joto la chumba, kwa dakika moja, ili nta imumunyike.”

(c) Kuzidua. Hatua nzima ya kutoa dutu fulani kutoka ndani ya kitu kwa kutumia kimumunyishi inahitaji jina lake. Yametumika kukamua, kuchuja na kutoa. Kukamua ni kwa nguvu ya kubana, kama ndimu. Kuchuja ni kutenga kioevu na makapi, nako huja baadaye. Kutoa ni pana mno. Neno “uziduaji” limekwisha kuzoeleka Tanzania katika habari za madini, mafuta na gesi, panaposemwa tasnia ya uziduaji. Hatuoni sababu ya kulizuia lisiingie maabarani. Kinachopatikana kiitwe “ziduo”.

Hapa muda una maana kubwa. Jani huchovywa kwa nusu dakika au dakika moja tu. Likikaa zaidi, au likiwa na jeraha, kimumunyishi hupenya ndani na kuzidua mafuta ya seli. Ziduo likiwa la kijani, hiyo ni dalili kwamba klorofili imetoka, na zoezi limeharibika. Mfasiri asiandike “kwa muda” pale mwandishi alipotaja sekunde.

(d) Mvuke si moshi. Rasimu ilionya: “Jihadhari na moshi wa klorofomu.” Moshi huonekana kwa macho. Mwanafunzi asiyeona moshi atajiona salama, hali klorofomu ikiachwa wazi hutoa mvuke wenye sumu usioonekana. Onyo sahihi ni “mvuke”, na kazi ifanywe ndani ya kabati lenye feni ya kuvuta mvuke nje. Tumeligusa jambo hili kwa ufupi, lakini kwa watumishi wanaofasiri kanuni za usalama kazini huenda likawa ndilo kubwa kuliko yote.

(e) Kufumua. Nta ikisha kuziduliwa yote, hubaki wavu wa kutini. Wavu huu hukatwa penye esta zake kwa kutumia methanoli pamoja na asidi au besi, mpaka zibaki molekuli mojamoja. Rasimu iliandika “kuozesha kutini”. Kuoza ni kazi ya vijidudu, na matokeo yake hayatabiriki. Mfumaji akikosea mkeka huufumua, na kila ukindu hurudi ulivyokuwa. Tunapendekeza “ufumuaji wa polima”, na kwa kitenzi “kufumua kutini”.

(f) Kuvisha. Molekuli nyingi zilizopatikana zina vikundi vya haidroksili vinavyozifanya zing'ang'anie chombo na zisigeuke gesi kwa urahisi. Mkemia huondoa hidrojeni iliyoko katika kikundi hicho na kuweka mahali pake kikundi chenye silikoni. Molekuli iliyokuwa ikinata sasa yapita bila kugusana na mtu. Ni kama iliyovishwa kanzu. Tendo hili tunapendekeza liitwe “uvishaji”, na molekuli iliyotendewa iitwe “molekuli vishwa”.

(g) Kuchanganua. Hatimaye mchanganyiko hupitishwa katika mrija mwembamba sana, aghalabu wenye urefu wa mita 30, ukisukumwa na gesi. Kila dutu hutoka kwa wakati wake. Mbinu hii ni kromatografia ya gesi. Mwisho wa mrija pana chombo cha kupima wingi wa kila dutu, au spektrometa ya tungamo inayoivunja molekuli na kuitambua kwa vipande vyake.

Kazi hii yote iitwe “uchanganuzi”, isiitwe “uchambuzi”. Kuchambua ni kuondoa takataka ili kilicho kizuri kibaki, kama katika pamba au mchele. Na wahakiki wa fasihi wamelichukua neno hilo kwa kazi yao. Kuchanganua ni kinyume cha kuchanganya, na mkemia hatupi kitu: kila kilichomo hutengwa, hutajwa na hupimwa.

Ili kupima wingi, tangu mwanzo hutiwa katika ziduo dutu inayojulikana uzito wake. Hiyo tunaiita “kilinganishi cha ndani”. Mara nyingi hutumika alkani yenye kaboni 24. Sababu yake ni nzuri kuelezwa darasani: mimea hutengeneza alkani zake kutokana na asidi za mafuta zenye kaboni shufwa, kwa kupunguza kaboni moja, kwa hiyo zilizo nyingi ni zenye idadi witiri, kama vile 29, 31 na 33. Katika nta ya nyanya iliyo nyingi ni ile ya 31. Dutu yenye kaboni 24 kwa kawaida haipatikani humo kwa wingi wa kuhesabika, basi haichanganyiki na ya mmea. Jibu huandikwa kwa mikrogramu katika kila sentimita mraba ya uso wa jani, na mfasiri akumbuke kuuliza kama mwandishi amehesabu upande mmoja wa jani au pande zote mbili.

5. Majina ya dutu na mitego yake

Tumesema majina ya dutu hukopwa. Ukopaji nao una kanuni, na kutikula inatuonyesha kwa nini.

Zipo familia tatu za haidrokaboni ambazo majina yake ya kimataifa hutofautiana kwa irabu moja tu. Katika ya kwanza kaboni zimeungana kwa viungo vya moja moja tu, katika ya pili kuna kiungo maradufu, na katika ya tatu kuna kiungo cha mara tatu. Tukifuata maandishi, tunapata alkani, alkeni na alkini. Tukifuata matamshi ya Kiingereza, tunapata alkeni, alkini na alkaini. Msomaji atazame: “alkeni” ya huyu ndiyo ya kwanza, na “alkeni” ya yule ndiyo ya pili. Kitabu kimoja kikifuata njia ya kwanza na kingine ya pili, mwanafunzi aliyesoma vyote viwili atajibu vibaya hali amejifunza vyema. Tunashauri kufuata maandishi, kwa kuwa ndiyo yaliyo ya kimataifa. Matamshi ni ya taifa moja.

Mtego wa pili ni kiishio cha “-ni”. Kutini yenyewe haina shida kubwa. Lakini katika mimea kadhaa, mathalani Agave americana ambayo ni ndugu wa mkonge, kuna polima nyingine isiyofumuliwa kwa methanoli na besi. Jina lake la kimataifa, likifuata kanuni yetu, huwa “kutani”. Sasa mtu akiandika “dutu iliyobaki kutani”, msomaji ataelewa kuwa imebaki katika kuta, na kuta za seli zipo palepale. Tukibadili kiishio tukasema “kutana”, tumefika mahali pabaya zaidi. Vivyo hivyo dutu ngumu iliyomo katika kutikula ya wadudu ikiitwa “kitini”, walimu watadhani ni kijitabu cha masomo au ni mahali pa kukalia.

Dawa tunayoiona ni mbili. Kwanza, jina lenye mashaka litanguliwe na neno la jumla: “polima kutani”, “dutu kutini”. Pili, dutu ya wadudu iandikwe “khitini”, kwa kuwa sauti “kh” tunayo na ni karibu na asili yake ya Kiyunani. Hatudai kuwa dawa hizi ni tamu. Twadai kuwa zinazuia ugonjwa.

6. Orodha ya istilahi zinazopendekezwa

Kutikula: utando wa nje wa mmea usio na seli, unaozuia maji yasipotee.
Ngozi ya jani: safu ya seli hai iliyo chini ya kutikula.
Nta ya juu: nta iliyolala juu ya uso wa kutikula.
Nta ya ndani: nta iliyomo katikati ya wavu wa kutini.
Kutini: polima ya kutikula yenye viungo vya esta, inayofumulika.
Polima kutani: polima ya kutikula za mimea kadhaa, isiyofumuliwa kwa methanoli na besi.
Kuyeyusha: kugeuza yabisi kuwa kiowevu kwa joto.
Kumumunyisha: kusambaza dutu ndani ya kimumunyishi.
Uziduaji: kutoa dutu kutoka ndani ya kitu kwa kimumunyishi; kinachopatikana ni ziduo.
Ubanduaji: kutenga kutikula au nta ya juu na mmea bila ya kuimumunyisha.
Ufumuaji wa polima: kukata viungo vya polima hata zibaki molekuli mojamoja.
Uvishaji: kuweka kikundi chenye silikoni mahali pa hidrojeni ya haidroksili.
Kilinganishi cha ndani: dutu ya uzito unaojulikana inayotiwa ili kupimia nyingine.
Uchanganuzi: kutenga, kutambua na kupima dutu zote za mchanganyiko.

Hitimisho

Huenda msomaji akauliza kwa nini tumetumia kurasa hizi zote kwa tabaka ambalo jicho halilioni. Jibu letu ni kwamba ukubwa wa kitu si kipimo cha haja ya kukitaja sawasawa. Maabara hutenga nta na kutini, joto na kimumunyishi, mvuke na moshi. Lugha ikiviunganisha, basi kazi ya maabara imeharibiwa kabla mwanafunzi hajashika chupa. Mfasiri naye asitosheke kuuliza, “Neno hili kwa Kiswahili ni lipi?” Aulize pia, “Mtu atakayelisoma atafanya nini kwa mikono yake?”

Rasimu iliyotuletea mazungumzo haya imerudishwa kwa mfasiri pamoja na mapendekezo yetu, naye ameyapokea, isipokuwa “uvishaji”, ambao anaona una mzaha ndani yake. Labda ana haki. Tunawaomba walimu wa kemia na biolojia, na wote wanaoshughulika na lugha, wayajaribu maneno haya katika kazi zao na watuletee maoni yao. Wakiwa na neno lililo bora kuliko letu, tutalipokea kwa mikono miwili.